Jina Lililofichwa na Wino

Aprili 1229 padri mmoja alimaliza kuandika kitabu cha sala. Ngozi aliyoiandikia haikuwa mpya. Ilitoka katika vitabu vya zamani, kimojawapo kikiwa nakala ya karne ya 10 ya kazi za mwanahisabati wa kale Archimedes. Maandishi ya mwanzo yalikwanguliwa, ngozi ikakunjwa, sala zikapita juu.

Mwaka 1998 kitabu hicho kiliuzwa mnadani New York kwa dola milioni 2. Baadaye kamera zilifichua mengi ya maandishi yaliyokwanguliwa, ila si yote: kurasa kadhaa mghushi wa karne ya 20 alikuwa amezifunika kwa picha zilizopakwa dhahabu.

Suluhisho lilitokana na ugunduzi wa kijana Mwingereza, Henry Moseley, aliyeonyesha mwaka 1913 kwamba kila elementi hutoa eksirei zake za pekee. Wino wa kale ulikuwa na chuma. Basi mwaka 2005 mwanafizikia Uwe Bergmann akaanza kutafuta chuma hicho katika maabara ya SLAC, California.

Sifa nyingi hupewa eksirei. Mimi naisifu fremu. Ukurasa ulifungwa juu yake, mota zikausogeza mbele ya mwale mwembamba kama unywele, na kwa kila nukta kompyuta ikarekodi kiasi cha chuma, mstari baada ya mstari, saa baada ya saa. Ni mwanadamu gani angeivumilia kazi hiyo bila kupotea njia? Hata hivyo ramani iliyotoka ilikuwa vurugu tupu, kwa kuwa wino wa sala nao una chuma, na eksirei huona pande zote mbili za ngozi. Kuyatenganisha maandishi hayo kulibaki kazi ya macho ya wataalamu. Ndani ya vurugu hiyo likajitokeza pia jina la padri: Ioannes Myronas.

Mwaka 2008 mbinu hiyohiyo, huko Hamburg, ilifichua uso wa mwanamke chini ya majani aliyoyachora Van Gogh. Kazi ilichukua siku mbili, na mchoro ndio uliofunga safari kuufuata mtambo. Siku hizi skana huenda kwenye mchoro. Mwaka 2019 jumba la makumbusho la Rijksmuseum, Amsterdam, lilianza kuupima mchoro mkubwa wa Rembrandt wa walinzi wa usiku: awamu 56, kila moja saa 24.