Habari za Bamburi: Ardhi na Wakazi Wake



Bamburi iko bara ya Mombasa upande wa kaskazini, ukiisha kupita Kisauni, kabla ya kufika Shanzu na hori ya Mtwapa. Mashariki yake ni bahari iliyokingwa na mwamba, na chini ya udongo wake mwepesi ni jiwe la matumbawe, ambalo zamani za kale lilikuwa mwamba wa baharini. Jiwe hilo limetengeneza sehemu kubwa ya historia yetu.

Hapa walilima na kuvua Waswahili na Wamijikenda. Jirani, huko Kisauni, wamisheni wa Church Missionary Society walianzisha Frere Town mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Na mwaka 1907 utumwa ukaondolewa kisheria katika pwani yote. Desturi ya pwani ilikuwa kwamba mnazi ni mali ya aliyeupanda, ijapokuwa ardhi ni ya mwingine.

Lakini mwaka 1908 ilitungwa sheria ya hati za ardhi. Kila mwenye dai katika ukanda wa maili kumi alitakiwa alithibitishe, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya Serikali ya Kiingereza. Aliyejua njia za ofisini alipata hati. Wengi waliokuwa na minazi na makaburi ya babu zao hawakupata kitu. Basi wakaitwa maskwota penye mashamba yao wenyewe.

Mwaka 1931 daraja lililoelea majini liliunganisha kisiwa na Nyali. Mwaka 1951 ikaundwa kampuni ya saruji, na kiwanda cha Bamburi kikaanza kazi mwaka 1954, kikivuta wafanyakazi kutoka pande nyingi za nchi. Jiwe lilipochimbwa yakabaki mashimo makavu, hata mwaka 1971 Bwana René Haller alipoanza kupanda miti humo. Katika aina 26 zilizojaribiwa, tatu tu zilistahimili, na mmoja wao ni mvinje.

Shimo la mawe limeota msitu. Pengo la mwaka 1908 halijazibika. Kwa hiyo twawaomba wazee waliomo hai watutajie mipaka, miti na makaburi, na vijana waandike. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.