Zabibu Miski, Wala Si za Maskati

Wafasiri wa orodha za vinywaji na vitabu vya mapishi wanataka kuwazoesha wasomaji jina baya. Zabibu ambayo Wafaransa huiita muscat, Waitaliano moscato na Wahispania moscatel, wao huiandika "zabibu ya Maskati". Msomaji wa Mombasa au Unguja akiliona jina hilo ataelewa mara moja kwamba zabibu imeletwa na meli kutoka Omani. Haikutoka huko. Makao yake ya kale ni nchi za Mediterania, kuanzia visiwa vya Ugiriki hadi kusini mwa Ufaransa, na jina lake halina undugu wowote na mji ule.

Yeyote aliyepita chuoni angeliepuka kosa hili. Kwa Kiarabu, Maskati huandikwa kwa qaf na twaa, na herufi za mzizi wake ni zilezile za kitenzi cha kuanguka. Miski, manukato ambayo ndiyo asili ya jina la zabibu hii, huandikwa kwa kaf, na twaa haimo kabisa. Ni masikio ya Wazungu yaliyoyafananisha maneno haya mawili, hata baadhi yao wakaandika vitabuni kwamba zabibu ilipewa jina la bandari. Mfasiri aliyelelewa na Kiswahili hana udhuru huo. Miski anaijua. Ameisikia ikitajwa pamoja na udi na ambari katika mashairi ya arusi, na kama amesoma Juzuu Amma amekutana nayo katika Surat al-Mutaffifin.

Mwandishi wa makala haya alilipendekeza jina "zabibu miski" kwa maandishi, mbele ya watu wanaokaa kuamua istilahi, akajibiwa kwamba jina la mji limekwisha kuzoeleka. Limezoeleka kwa nani? Kwa wale waliolipitisha wenyewe kikaoni. Mkulima hajalisikia, muuza matunda hajalisikia, na mpishi ndiyo kwanza analiona. Muda wa kulisahihisha bado upo, na inaudhi kuona haraka ya kikao kimoja ikigeuzwa kuwa mazoea ya taifa zima.

Historia ya neno ndiyo hoja kubwa kuliko zote. Wanaisimu hulifikisha hadi Kisanskriti, kwenye neno mushka, korodani, kwa sababu ya umbo la tezi ya mnyama dume wa milima ya Asia, anayefanana na paa, ambaye miski hutoka kwake. Waajemi wakasema mushk, Waarabu misk, Wagiriki moskhos, na Kilatini cha zama za mwisho kikasema muscus. Hapo ndipo Waitaliano walipounda moscato, yaani kilichotiwa miski, chenye kunukia miski. Wapo wanaolipeleka jina kwenye musca, nzi kwa Kilatini, wakimtaja Pliny Mkubwa, mwandishi wa Kirumi aliyeandika juu ya zabibu zilizoitwa kwa jina la nyuki kwa vile nyuki walizipenda. Lakini nyuki si nzi, na wala si Pliny aliyeunda neno moscato. Wafaransa wanaye shahidi mwingine jikoni mwao: kungumanga huiita muscade, kokwa yenye kunukia miski. Kwa hiyo Kiswahili hakihitaji kumkopa Mfaransa chochote. Neno lilelile kilikwisha kulipata kwa Mwarabu, kwa njia fupi zaidi, na maana yake haikupotea njiani.

Kungumanga imewapa wapinzani wengine hoja ya kuvutia. Wanasema: tuna pilipili manga, tuna komamanga, basi tuwe na "zabibu manga". Manga ni jina la zamani la Uarabuni, hasa upande wa Omani, na wahenga walilitia kwenye vitu vilivyoletwa na wafanyabiashara wa huko, hata kama vilitoka mbali zaidi. Pilipili yenyewe ni ya India, na kungumanga ni ya visiwa vya Banda. Jina la namna hiyo hushuhudia njia ya biashara, na zabibu hii haikuipita njia hiyo. "Zabibu manga" ni kosa la Maskati lililovishwa kanzu.

Kisha kuna "zabibu nukivu". Hili si kosa la historia, ni ulegevu. Zabibu za kunukia ni kundi zima: Gewürztraminer imo, Riesling imo, Torrontés ya Argentina imo. Ukilitoa jina la kundi ukampa mmoja, utaliita kundi nini? Kiswahili kina desturi safi ya kutaja aina ya tunda kwa kuweka jina kando ya jina, bila kiunganishi: embe dodo, embe boribo, ndizi mzuzu. Zabibu miski inakaa katika safu hiyo bila kusukumwa.

Pingamizi moja linastahili jibu la heshima. Harufu ya miski ya mnyama hutokana na kemikali iitwayo muskoni, na zabibu hii haijulikani kwa kemikali hiyo. Ni kweli. Inachonukia ni terpeni, hasa linaloli, ambayo ndiyo inayotawala mafuta ya mbegu za giligilani, na geranioli, iliyomo katika waridi. Sehemu kubwa ya terpeni hizo imefungamana na sukari ndani ya tunda na haifiki puani mpaka kifungo kikatwe na vimeng'enya au asidi. Ndiyo maana mnywaji husikia maua ya mchungwa, waridi, ganda la chenza, na jambo ambalo ni nadra katika divai: harufu ya zabibu yenyewe. Lakini Waitaliano walioipa jina hawakupima kemikali. Walitafuta neno la manukato yaliyozidi mengine, na Mswahili anayetaja miski hukusudia hilohilo.

Jina lazima pia lienee, kwa kuwa ukoo ni mkubwa, zaidi ya aina 200. Miski nyeupe ya punje ndogo ndiyo inayosifiwa zaidi. Miski ya Alexandria ni mtoto wake, yenye punje kubwa, nayo huliwa mbichi na kukaushwa Málaga. Huko Constantia, karibu na Cape Town, katika shamba lililoanzishwa na Simon van der Stel mwaka 1685, zabibu miski zilitoa divai tamu ambayo Napoleon aliinywa uhamishoni St Helena. Asiyekunywa pombe naye analihitaji jina hili, maana Shine Muscat ya Japani ni tunda la mezani tu.

Kuhusu chakula, mambo yako wazi. Divai kavu ya miski ya Alsace huandamana na asparagasi. Ile nyepesi ya Asti, yenye pombe asilimia 5 hivi na mapovu kidogo, hufaa matunda, keki na vyakula vya pilipili, kwa kuwa pombe kali huzidisha mwasho na utamu huupoza. Ile ya Beaumes-de-Venise, inayoongezewa pombe kali ili hamira ife na sukari ibaki, huwekwa kando ya tikiti au jibini la Roquefort. Kwa kitindamlo, divai iwe tamu kuliko chakula.

Iandikwe basi "divai ya zabibu miski", na anayetaka kutofautisha aongeze kavu, tamu au ya mapovu. Muscadet ya mdomo wa mto Loire ibaki na jina lake: hutengenezwa kwa zabibu nyingine, Melon de Bourgogne, ni kavu, hunywewa pamoja na chaza, na harufu ya miski haina hata kidogo.