Nafasi ya Taiti-endi katika Kupunguza Kutabirika kwa Ushambuliaji wa Futiboli ya Kimarekani, 1961–2014

Historia ya futiboli ya Kimarekani imezoea kusimuliwa kupitia kwa kwotabeki, yaani mchezeshaji anayerusha pasi, na kupitia kwa makocha waliobuni mbinu. Makala hii inamchunguza mchezaji ambaye kwa miongo mingi alichukuliwa kuwa msaidizi tu: taiti-endi, anayesimama mwishoni mwa mstari wa mbele, bega kwa bega na wazuiaji wakubwa. Hoja ya msingi ni kwamba thamani ya mchezaji huyu haikutokana hasa na idadi ya pasi alizodaka, bali na jambo ambalo takwimu hazilionyeshi kwa urahisi: kuwepo kwake uwanjani hakumwambii mpinzani kitakachofuata. Aidha, inadaiwa kwamba sifa hiyohiyo iliyowanufaisha makocha iligeuka kuwa kikwazo kwa wachezaji wenyewe walipodai ujira wao.

Msingi wa hali hii umo katika kanuni za mchezo. Timu yenye mpira huwa na wachezaji 11, na angalau saba kati yao hupangwa kwenye mstari wa mbele. Wanaoruhusiwa kupokea pasi ni wale wa ncha mbili za mstari huo pamoja na wale waliosimama nyuma yake. Taiti-endi husimama kwenye ncha, kwa hiyo ana haki ya kupokea pasi. Lakini kwa ukubwa wa mwili wake na kwa ukaribu wake na wazuiaji, anaweza pia kumfungulia njia mwenzake anayekimbia na mpira. Kazi hizi mbili zinagongana. Mzuiaji mzuri huhitaji uzito, na mpokeaji mzuri huhitaji wepesi, na watu waliojaliwa yote mawili ni wachache.

Kuanzia mwaka 1950 ligi ya NFL iliruhusu kwa kudumu timu kubadilisha wachezaji bila kikomo. Kabla ya hapo mchezaji yuleyule alishambulia na kulinda. Mabadiliko hayo huelezwa kwa kawaida kuwa mwanzo wa ubingwa wa kila nafasi, na maelezo hayo ni sahihi, ila yanaacha upande mmoja wa jambo. Kila bingwa aliyeingia uwanjani aliingia na habari. Akiingia mzuiaji wa ziada, walinzi walijua kwamba mpira ungekimbizwa. Akiingia mpokeaji mwepesi wa ziada, walijua kwamba pasi ingerushwa. Ubingwa uliongeza ufanisi wa kila mchezaji na papo hapo ukaifanya timu isomeke kabla mpira haujaanzishwa. Historia ya taiti-endi baada ya hapo inaweza kusomwa kama juhudi ya kuuziba ufa huo.

Mfano wa kwanza ulio wazi ni Mike Ditka, aliyejiunga na Chicago Bears mwaka 1961. Katika msimu wake wa kwanza, uliokuwa na michezo 14, alidaka pasi 56 kwa yadi 1,076 na kufunga tachidauni 12. Hizo ni takwimu za mpokeaji wa pembeni, lakini Ditka hakuacha kuzuia, na alizuia kwa ukali. Miaka miwili baadaye John Mackey aliingia Baltimore Colts akiwa na kasi ambayo walinzi wa kati hawakuitarajia kwa mtu wa umbo lake. Hata hivyo, wote wawili walianza majaribio mengi wakiwa mahali palepale pa kawaida. Mpinzani alijua walipo, ingawa hakujua watakalofanya.

Don Coryell, kocha wa San Diego Chargers, ndiye aliyeondoa hata uhakika huo wa mahali. Kellen Winslow, aliyechaguliwa mwaka 1979, alipangwa mara kwenye mstari, mara pembeni kabisa, mara akitembea nyuma ya mstari kabla mpira haujaanzishwa. Mwaka 1980 alidaka pasi 89, nyingi kuliko mchezaji yeyote wa ligi, kwa yadi 1,290. Mchezo wake unaokumbukwa zaidi ni ule wa mtoano dhidi ya Miami Dolphins, tarehe 2 Januari 1982, alipodaka pasi 13 kwa yadi 166, kisha akaugusa na kuuzuia mpira ambao Miami waliupiga kwa mguu kutafuta ushindi katika sekunde za mwisho za muda wa kawaida. San Diego walishinda 41 kwa 38 katika muda wa nyongeza. Masimulizi mengi huhusisha siku ile na ushujaa wa mtu mmoja aliyetolewa uwanjani akiwa amebebwa na wenzake. Kwa mwanahistoria wa mbinu, lililo la maana zaidi ni kwamba ulinzi wa Miami ulimtafuta upya katika kila jaribio.

Joe Gibbs alikuwa mratibu wa ushambuliaji wa Coryell kabla ya kwenda Washington kuwa kocha mkuu mwaka 1981, na huko alilitumia fundisho lilelile kwa sababu tofauti kabisa. Mwaka huohuo New York Giants walimpata Lawrence Taylor, mlinzi aliyemkimbilia kwotabeki kutoka pembeni kwa kasi ambayo wakimbiaji wa nyuma, waliokuwa wadogo kwake, hawakuweza kuizuia. Gibbs alimwondoa mmoja wa wakimbiaji wawili wa nyuma, akaweka taiti-endi wa pili, na mara nyingi alimsimamisha hatua moja nyuma ya mstari ili aweze kuhama kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mabadiliko yaliyoanza kama kinga yakawa silaha. Taiti-endi wa pili alipohama, upande wenye nguvu wa safu ulihama naye, na walinzi walilazimika kujipanga upya huku sekunde zikiwaishia.

Athari yake ilionekana Pasadena tarehe 30 Januari 1983, katika Super Bowl XVII. Miami walikuwa wakiongoza 17 kwa 13. Washington walikuwa na jaribio la nne wakihitaji yadi moja tu, na kila mtu uwanjani alijua kwamba mpira angepewa John Riggins. Kabla ya jaribio kuanza, taiti-endi Clint Didier alianza kuhama kuelekea upande mmoja, kisha akageuka ghafla na kurudi alikotoka. Mlinzi aliyekuwa akimfuata, Don McNeal, aliteleza alipojaribu kugeuka naye. Kuteleza huko kulimchelewesha. Alipomfikia Riggins alimshika jezi tu, na Riggins akakimbia yadi 43 hadi tachidauni. Washington walishinda 27 kwa 17. Didier hakuugusa mpira katika jaribio hilo, na katika jedwali la takwimu hana chochote cha kuonyesha. Tukio hili linafaa kuzingatiwa na wale wanaopima nafasi ya taiti-endi kwa pasi alizodaka peke yake, kwa kuwa hapa jaribio lenyewe lilitabirika kwa asilimia mia, na bado mwendo wa mtu mmoja ulitosha kuuvuruga ulinzi.

Makocha wa leo huyataja makundi ya wachezaji kwa tarakimu mbili: ya kwanza ni idadi ya wakimbiaji wa nyuma, ya pili ni idadi ya taiti-endi. Kundi la 11 lina wapokeaji watatu wa pembeni, na kundi la 12 lina wawili. Mlinzi akiona 11, kwa kawaida huingiza mlinzi wa nyuma wa tano, mwepesi. Akiona 12, hubaki na walinzi wazito wa kati. Uamuzi huu hufanywa kabla ya mpira kuanzishwa, na ndipo ulipo mtego. Ikiwa taiti-endi wawili wa kundi la 12 wanaweza kucheza kama wapokeaji, walinzi wazito watakimbizwa. Wakiondolewa, walinzi wepesi watasukumwa.

New England Patriots walilitekeleza jambo hili kikamilifu kuliko timu yoyote ya wakati wao. Mwaka 2010 walimchagua Rob Gronkowski katika raundi ya pili na Aaron Hernandez katika raundi ya nne. Msimu wa 2011 wawili hao walidaka pasi 169 kwa jumla ya yadi 2,237, na tachidauni 24 kati ya 39 alizorusha Tom Brady zilikuwa zao. Zaidi ya takwimu hizo kulikuwa na kanuni moja ya ubadilishaji: timu inayoshambulia isipobadilisha wachezaji, haiulazimiki kuupa ulinzi nafasi ya kubadilisha wake. Patriots waliharakisha mwendo na kuwaacha watu walewale uwanjani. Jaribio moja walikuwa safu nzito ya kusukuma, jaribio lililofuata wakatawanyika. Katika mtoano dhidi ya Denver Broncos, tarehe 14 Januari 2012, Hernandez alisimama hata mahali pa mkimbiaji wa nyuma na kukimbia mara tano kwa yadi 61, huku Gronkowski akifunga tachidauni tatu. Ushindi ulikuwa 45 kwa 10.

Mbinu hii, hata hivyo, ilitegemea miili ya watu wawili. Gronkowski aliumia kifundo cha mguu katika mchezo uliofuata, na kwenye Super Bowl XLVI alidaka pasi mbili tu kwa yadi 26; Patriots walifungwa 21 kwa 17. Ni vyema pia kukumbuka kwamba idadi ya taiti-endi peke yake haifichi chochote. Kocha anayewaingiza wawili na kukimbiza mpira kila mara anatoa tangazo lililo wazi kuliko lile la mwenye mmoja.

Swali la ujira lilikuwepo tangu kizazi cha kwanza. Mackey, akiwa rais wa chama cha wachezaji, alitoa jina lake katika kesi dhidi ya NFL kuhusu kanuni iliyoilazimu timu iliyomchukua mchezaji aliyemaliza mkataba kuifidia timu yake ya awali. Mwaka 1976 mahakama ya rufaa ilithibitisha kwamba kanuni hiyo, kwa namna ilivyotumika, ilikiuka sheria za ushindani wa kibiashara. Mackey alisubiri hadi mwaka 1992 kuingizwa katika Jumba la Umaarufu, na katika uzee wake aliugua ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Mpango wa mwaka 2007 wa kuwagharimia matunzo wachezaji wastaafu wenye maradhi hayo uliitwa kwa namba ya jezi yake, 88.

Jimmy Graham wa New Orleans Saints aliikuta sura nyingine ya tatizo hilohilo. Mwaka 2013 alidaka pasi 86 kwa yadi 1,215 na kufunga tachidauni 16, na katika asilimia 67 hivi ya majaribio alianzia mbali na wazuiaji. Timu ilipomzuia kwa mkataba wa mwaka mmoja uliowekwa kwa kiwango cha nafasi yake, alidai kwamba yeye ni mpokeaji wa pembeni. Kwa taiti-endi kiwango kilikuwa dola milioni 7.053; kwa mpokeaji, dola milioni 12.312. Mwamuzi Stephen Burbank aliamua Julai 2014 kwamba anayesimama ndani ya yadi nne kutoka kwa mzuiaji wa mwisho bado ni taiti-endi. Kile ambacho walinzi hawakuweza kukitaja kwa uhakika uwanjani kikapewa jina moja mezani, lile la bei ya chini. Siku chache baadaye Graham alisaini mkataba wa miaka minne wa dola milioni 40, na Machi 2015 Saints wakampeleka Seattle Seahawks, timu iliyotegemea zaidi kukimbiza mpira, ambako alitakiwa kuzuia.