Sinagoga ya Lubumbashi: ni nani atailinda?

Leo sitaongea juu ya mihindi wala mbolea. Nataka kuongea juu ya jengo moja la hapa Lubumbashi, ambalo wengi wetu tunapita mbele yake tukienda kuweka dosie za kazi. Liko na nyota ya pembe sita. Mdogo wangu mmoja wa mwaka wa kwanza aliniuliza: «Yaya, ile ni kanisa ya banani?» Nikamwambia si kanisa, ni sinagoga. Akacheka: «Bayuda, huku kwetu?»

Ndiyo, huku kwetu, na walikuja pamoja na muji wenyewe. Elisabethville ilianzishwa 1910, na mwaka uliofuata Wayuda walikuwa tayari wamejipanga kama jamii moja ya dini. Wengi kati ya waliokuja baadaye walitoka kisiwa cha Rhodes, wakatafuta maisha katika biashara. Nyumbani walisema Ladino, Kihispania cha zamani ambacho mababu wao walibeba walipofukuzwa Hispania 1492. Sinagoga ilijengwa 1929-1930, kwa mchoro wa Raymond Cloquet. Mwaka wa 1937 akafika rabi Moïse Lévy, akaongoza sala mpaka 1991. Miaka 54! Wakoloni wakaenda, Tshombe akaenda, jina la muji likabadilika, naye bado yuko.

Kisha kuko jambo ambalo sikufundishwa shuleni. Mwezi wa saba 1944, Wadachi walikamata Wayuda wa Rhodes, zaidi ya watu 1.600, wakawapeleka Auschwitz. Waliopona ni kama 150 tu. Kwa hiyo waliokuwa Katanga walipona kwa sababu walikuwa Katanga. Waza mtu anayesali ndani ya ile nyumba 1945, akijua kwamba mama yake hatajibu tena barua. Ukipita pale, ndiyo unaona: siyo ukuta tu.

Namna gani watu waliisha? Hawakuacha kumwamini Mungu. Fujo za 1960 na vita vya Katanga viliondosha wengi. Halafu tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu akatangaza zaïrianisation: maduka na mashamba ya wageni yakapewa wenyeji, wale «acquéreurs». (Sisi watu wa kilimo tunajua mashamba mengi yalifika wapi, niyaache hayo.) Mtu aliyeishi kwa duka, duka likichukuliwa, anabakia kufanya nini? Walienda Ubelgiji, Israeli, Afrika ya Kusini. Leo waliobaki ni wachache sana, na siku nyingi mlango umefungwa.

Jengo lisilo na waamini liko na hatari yake. Katikati ya muji kiwanja ni mali nyingi. Tumeona sinema za zamani zikigeuka makanisa ya uamsho. Hata Ubelgiji, waliotuletea makanisa, yao yanafungwa: huko Mechelen, kanisa la zamani la Wafransisko ni hoteli leo, watu wanalala mahali waliposalia. Wengine watasema bora hoteli kuliko magofu. Mimi kwa sinagoga yetu sikubali, maana wenyewe hawakuiacha kwa kupenda.

Sheria tuko nayo, ile ya tarehe 15 Machi 1971 juu ya kulinda mali ya utamaduni. Jengo likiisha kuandikwa rasmi, mwenyewe hawezi kulibomoa bila ruhusa ya serikali. Lakini tuangalie orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO: Kongo iko na mahali 5, Virunga, Garamba, Kahuzi-Biega, Salonga na Okapi. Yote ni pori na nyama. Nyumba hata moja hamna! Mimi nilisomea udongo na mimea, napenda pori sana, lakini hapa naona haya.

Wazo langu ni hili. Kwanza tutafute wale wazee wa jamii waliobaki, tuwaombe ruhusa ya kuingia. Ni nyumba yao, si yetu kuamulia. Wakikubali, tupige picha, tupime paa na kuta, tuandike majina yaliyo kwenye makaburi yao, kisha tupeleke dosie kwa wakubwa wa utamaduni wa jimbo. Wa architecture na wa historia, nawangoja. Nani anakuja?