Kutoka TV ya chogo mpaka TV bapa: soma historia kabla hujatoa hela (Sehemu ya 5)

Nimetoka zamu, nimeoga, mtoto kalala, sasa tukae tuongee. Kwa wageni: kwenye mfululizo huu nachukua kitu kimoja cha nyumbani, tunaangalia kilitoka wapi, halafu tunaona kinatuhusu vipi sisi wenye watoto wadogo. Tulishamaliza jiko la mkaa, chandarua, ndoo ya maji na kitanda cha mtoto. Leo ni zamu ya TV.

Mada kaileta mdada mmoja aliyeniandikia inbox. Amepokea mchezo, ana laki nne na nusu mkononi. Wanakaa chumba na sebule, mtoto ana mwaka mmoja na nusu, na TV yao ya chogo imeshaanza kutoa rangi ya kijani. Dukani kaambiwa kwa hela hiyo achukue inchi 32 mpya, au inchi 43 iliyotumika lakini "kama mpya". Akaniuliza, "Dada nesi, nichukue ipi?" Nikamwambia asubiri post hii. Jibu liko kwenye historia, nifuateni taratibu.

Tuanze na umbo

Hivi umewahi kujiuliza kwa nini TV za zamani zilikuwa karibu mraba, na za sasa ni ndefu kwa upana? Tunarudi Marekani, miaka ya 1890. Kwenye maabara ya Thomas Edison kulikuwa na mfanyakazi anaitwa William Dickson. Yeye ndiye aliyepanga picha za kwenye mkanda wa sinema ziwe na upana wa 4 kwa urefu wa 3. Kipimo hicho kikakaa. Televisheni zilipokuja miongo kadhaa baadaye, zikarithi umbo hilohilo la sinema.

Sasa sikia vituko. Miaka ya 1950 Wamarekani wakaanza kubaki nyumbani kuangalia TV, kumbi za sinema zikakosa watu. Wenye sinema wakakaa chini: tuwape nini ambacho TV haina? Wakapanua picha. Mwaka 1953 ikatoka filamu ya The Robe, ya kwanza kwa mtindo wa CinemaScope, picha pana kweli kweli. Kwa hiyo sinema ilijipanua ili kuikimbia TV. Miaka 30 baadaye TV ikaamua kuifuata.

Miaka ya 1980 wataalamu walikuwa wanatafuta umbo la TV za kizazi kipya. Mhandisi mmoja, Kerns Powers, akachukua maumbo yote ya picha yaliyokuwepo, ya TV na ya sinema, akayapanga moja juu ya jingine yakiwa na eneo sawa. Akaona kuna umbo moja la katikati linaloweza kuyabeba yote bila kupoteza sana: 16 kwa 9. Ndo hilo liko sebuleni kwako leo. Kumbuka hapo kwamba ni suluhu kati ya TV na sinema. Hakuna aliyepima sebule ya mtu.

Kwetu ilifikaje?

Kenya walianza kurusha TV mwaka 1962, Uganda 1963. Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1970, na wao wakaanza moja kwa moja na rangi, wakati nchi nyingi za Afrika bado zina nyeusi na nyeupe au hazina kabisa. Sisi wa bara tukangoja. Serikali ya Mwalimu iliona TV ni anasa ya wachache wa mjini, na redio inamfikia mkulima kijijini kwa gharama ndogo. Ni mwaka 1994 ndipo ITV ilipoanza kurusha Dar es Salaam. Televisheni ya taifa ikaja karibu na mwaka 2000.

Ndo maana watu wa umri wangu tunakumbuka mtaa mzima TV moja. Watoto tunakaa chini kwenye mkeka kwa jirani, miguu tumeosha kwanza. Baba mwenye nyumba yuko nje anazungusha antena, anapiga kelele, "Imekubali?" Sisi ndani, "Bado! Chenga tupu! Hapo hapo, usiguse!" Na TV yenyewe inafunikwa kitambaa cha kudarizi ikizimwa, kama mtoto mchanga.

Ile chogo ilikuwa na sababu. Ndani kuna bomba kubwa la kioo, nyuma yake kuna mtambo unaorusha elektroni zikagonge kioo cha mbele kitoe mwanga. Zinahitaji nafasi ya kusafiri na kusambaa, ndo hilo chogo. Kioo chenyewe kiliwekwa madini ya risasi kuzuia mionzi. Kwa hiyo chogo lako likifa, usiwape watoto walivunje wauze chuma chakavu, wala usilichome. Risasi ikiingia mwilini mwa mtoto mdogo inaharibu ubongo.

Hapo ndipo inchi zilipotuchanganya

TV bapa zikaanza kushuka bei, na kuelekea mwaka 2008 zikawa zinauzwa duniani kuliko za chogo. Kisha hapa kwetu, usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, matangazo ya analojia yakazimwa Dar es Salaam, na mikoa mingine ikafuata. Watu wakakimbilia madukani wakidhani chogo zimekufa. Kumbe zilihitaji king'amuzi tu na zile waya tatu, nyekundu, nyeupe na njano. Wangapi walikopa kununua TV ambayo hawakuihitaji mwaka ule?

Mama yangu alikuwa mmoja wao. Akauza chogo la inchi 21, akanunua bapa la inchi 22. Siku ya kwanza anaiwasha, kimya. Halafu akasema, "Mbona watu wamekuwa wadogo? Na huyu mtangazaji mbona kanenepa?" Tukacheka mpaka machozi, lakini alikuwa sahihi kwa yote mawili.

Unene ulitokana na matangazo yaliyokuwa bado ya umbo la 4 kwa 3, TV ikayavuta yajaze kioo kipana. (Tatizo hilo linatibiwa kwenye menyu ya TV, kwenye umbo la picha, chagua 4:3.)

Udogo ni hesabu. Inchi za TV hupimwa kutoka kona ya chini mpaka kona ya juu ya upande wa pili. Umbo likibadilika, inchi zilezile hazikupi kitu kilekile. Chogo la inchi 21 lina picha ya urefu wa kwenda juu kama sentimita 32. Bapa la inchi 22 lina 27 tu! Ili mama abaki na watu wa ukubwa uleule alihitaji inchi 26. Muuzaji alimwambia, "Mama, umeongeza inchi moja." Hakudanganya, ila hakumwambia ukweli wote.

Kwa leo andika pembeni: inchi 32 ina upana wa sentimita 71 na urefu wa 40. Inchi 43 ni 95 kwa 54. Nenda dukani na futi ya kupimia, pima kioo chenyewe bila fremu. Namba ya kwenye boksi isikutishe.

Tumrudie mdada wetu

Sebule yake, kutoka kochi mpaka ukuta wa TV, ni kama mita 2 na nusu. Kwa umbali huo jicho la kawaida haliwezi kutenganisha vidoti vya TV ya inchi 32 ya HD ya kawaida. Kwa hiyo hata "Full HD" kwa inchi 32, ukikaa mita 2 na zaidi, hutaona tofauti kubwa. Usilipie usichokiona.

Umeme nao. Nyuma ya TV kumeandikwa watti. TV ya watti 50 ikiwaka saa 6 kwa siku inakula uniti 9 kwa mwezi. Ya watti 100 inakula 18. Soma kabla hujalipa, LUKU ni yako sio ya muuzaji.

Ukiona kwenye boksi pameandikwa T2 na S2, ina king'amuzi ndani. Kabla hujafurahi muulize fundi wa mtaani kwenu ni chaneli gani zinashika bila kulipia. Na iwashwe mbele yako: weka picha nyeupe tupu uangalie mistari na madoa meusi, jaribu sauti, jaribu matundu yote. TV iliyotumika ikiwa na kivuli kwenye kioo, iache. Kubadilisha kioo kunaweza kukaribia bei ya TV.

Sasa sababu yangu kubwa ya kuandika leo.

Lile chogo lilikuwa zito, kilo 20 hivi, na uzito wote uko mbele kwenye kioo. Likiwekwa juu ya kabati la droo na mtoto akapanda droo kama ngazi, linakuja na kabati lake. Tukadhani bapa zimetuondolea hatari hiyo. Hapana. Bapa ni jepesi, lina vimiguu viwili vyembamba, linahitaji mkono mmoja tu wa mtoto aliyejifunza kusimama. Nimepokea mtoto wa hivyo zamu ya usiku. Mama yake alikuwa amegeuka kukoroga uji. Mtoto alilia kidogo, akanyamaza, wakadhani amebembelezeka, akalala. Walipomletea kwetu alikuwa ameshatapika mara tatu na haamki vizuri. Alipona, Mungu mkubwa, lakini ile sura ya mama yake kwenye benchi sijaisahau.

Kwa hiyo, mdogo wangu: chukua 32 mpya yenye warranti. Hela inayobaki nunua breketi ya ukutani na umlipe fundi aifunge vizuri kwenye tofali, sio kwenye plasta tu. Mwenye nyumba akikataa ukuta usitobolewe, weka TV kwenye meza pana, fupi, uirudishe nyuma kabisa, uifunge kwa mkanda kwenye nondo ya dirisha. Waya usining'inie, na rimoti au mdoli visikae juu yake, maana mtoto atavifuata.

Ikitokea TV imemwangukia mtoto kichwani, hata kama amenyamaza: akitapika, akilala kusiko kwa kawaida, akidegedege, au damu au maji yakimtoka puani au sikioni, usingoje asubuhi. Hospitali saa hiyohiyo.

Na la mwisho. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri mtoto chini ya miaka 2 asikalishwe mbele ya kioo, na wa miaka 2 mpaka 4 isizidi saa 1 kwa siku. Najua jamani, kuna siku unataka kupika kwa amani. Mimi pia. Tujitahidi tu.

Mama yangu bado analo lile la inchi 22. Amelisogezea kiti karibu, amemaliza. Wengine dawa ya TV ndogo ni kuvuta kiti tu.

Mtumie na shoga yako anayepokea mchezo mwezi huu. Kabla hujalala leo, isukume TV yako kidogo kwa kidole. Ikitikisika, kesho una kazi. Sehemu ya 6 tutaongelea friji.