Tiba ya malaria nchini Tanzania: ushahidi na mfumo wa afya

Tiba ya malaria isiyo kali Tanzania Bara ilibadilishwa mara mbili ndani ya miaka sita. Agosti 2001 klorokwini, dawa iliyozoeleka karibu kila nyumba, iliondolewa kwenye mwongozo wa matibabu na nafasi yake ikachukuliwa na SP, yaani sulfadoksini na pirimethamini. Kufikia mwisho wa 2006 SP nayo iliipisha ALu, dawa mseto yenye artemetha na lumefantrini. Mabadiliko hayo yalitokana na vipimo vilivyofanyika kwa watoto wa Kitanzania, katika hospitali na zahanati za Tanzania, na yanafaa kuwa mfano wa nchi yenye kipato kidogo kuamua tiba kwa ushahidi. Yanaonyesha pia jambo la pili lenye uzito uleule: ushahidi hauokoi maisha ya mtu hadi uwepo mfumo wa afya wa kuufikisha kwenye dirisha la dawa la zahanati ya kijijini.

Jinsi dawa inavyopimwa

Malaria nchini husababishwa zaidi na kimelea Plasmodium falciparum. Dawa inapotumika kwa wingi, vimelea visivyodhurika nayo hubaki hai na kuzaana, mpaka siku moja vinakuwa ndivyo vingi. Ndiyo maana dawa ya malaria haiwezi kuaminiwa moja kwa moja. Hupimwa upya kila baada ya muda.

Kazi hiyo hufanywa na Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Malaria pamoja na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), iliyoundwa kwa sheria ya 1979, Taasisi ya Afya Ifakara na vyuo vikuu vya tiba. Mtoto mwenye homa ambaye damu yake imeonekana kuwa na vimelea hupewa dozi mbele ya muuguzi. Mama na mtoto hukaa hapo kwa nusu saa, na mtoto akitapika dozi hurudiwa. Baada ya hapo mama huombwa amrudishe siku ya 1, 2, 3, 7, 14, 21 na 28. Kila anaporudi hupimwa joto na kutobolewa kidole. Tone moja la damu huwekwa kwenye kioo cha hadubini, jingine kwenye karatasi ya kufyonza.

Karatasi hiyo hujibu swali ambalo hadubini haiwezi kulijibu. Vimelea vikionekana siku ya 21, huenda ni vile vya mwanzo vilivyonusurika, au huenda mbu amemwambukiza mtoto vingine. Maabara hulinganisha jeni za vimelea vya siku ya kwanza na vya siku aliyorudi navyo. Bila hatua hiyo, dawa nzuri ingeweza kuhukumiwa kwa kosa la mbu.

Tangu 2006 Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri nchi ibadilishe dawa pale inaposhindwa kuwatibu zaidi ya asilimia 10 ya wagonjwa, na dawa inayoingia iwe inaponya angalau asilimia 95. Awali nchi zilivumilia hadi asilimia 25. Wanaoumia katika kipindi cha kusubiri ni watoto wa chini ya miaka mitano, kwa hiyo kushusha kiwango hicho kulikuwa uamuzi wa haki kama ulivyokuwa wa kisayansi.

Kuondoka kwa klorokwini

Usugu dhidi ya klorokwini uligunduliwa Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1970. Malawi ilikuwa nchi ya kwanza barani kuiacha, mwaka 1993, na Kenya ikafuata 1998. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1990 watafiti na wizara za afya za Kenya, Uganda na Tanzania walianzisha mtandao wa kufuatilia tiba ya malaria, EANMAT, ili nchi zote zipime kwa njia moja na takwimu zao zilinganishwe. Kwa Tanzania majibu yalikuwa mazito: katika vituo vya uchunguzi, klorokwini ilikuwa ikishindwa kwa takriban nusu ya watoto waliotibiwa.

SP ilichaguliwa kama dawa ya muda, kwa kuwa ilikuwa nafuu, ilipatikana, na humezwa mara moja tu. Hata hivyo watu wengi hawakuipokea kwa furaha. Klorokwini hushusha homa yenyewe. SP haina uwezo huo. Mama aliyemwona mwanawe bado anachemka usiku baada ya kumeza dawa mpya aliamini kwamba amepewa kitu dhaifu. Magazeti nayo yaliandika juu ya madhara ya SP kwenye ngozi, ambayo ni ya kweli lakini hutokea kwa nadra. Wahudumu walilazimika kueleza kwa nini paracetamoli iende sambamba na SP, na walipopungukiwa na muda au maneno, wagonjwa walirudi kwenye klorokwini iliyobaki madukani.

Jaribio la Muheza

Uamuzi wa kuiacha SP na kuhamia dawa mseto uliungwa mkono na jaribio lililofanyika Muheza, Mkoa wa Tanga, kati ya 2002 na 2004, likiongozwa na Theonest Mutabingwa. Watoto 1,811 wa umri wa miezi 4 hadi 59 waligawanywa kwa nasibu katika makundi manne. Kufikia siku ya 14 tiba ilikuwa imeshindwa kwa asilimia 42 ya waliopewa amodiakwini peke yake, asilimia 20 ya waliopewa amodiakwini na SP, asilimia 11 ya waliopewa amodiakwini na artesuneti, na asilimia 1 tu ya waliopewa ALu. Matokeo yalichapishwa 2005 katika jarida la The Lancet.

Nguvu ya jaribio hilo ilikuwa pia katika namna lilivyofanywa. Watoto walimezeshwa dawa nyumbani na wazazi wao bila kusimamiwa na mhudumu, kama ambavyo ingekuwa katika maisha ya kawaida. Kwa hiyo takwimu zilieleza uwezo wa dawa mikononi mwa mama, na hilo ndilo jambo ambalo mtunga sera alihitaji kulijua. Zanzibar ilikuwa imeshatangulia: tangu 2003 ilitumia mseto wa artesuneti na amodiakwini.

Kikwazo kilichobaki kilikuwa fedha. Kwa makubaliano ya 2001 kati ya WHO na mtengenezaji wa ALu, dozi kamili ya mtu mzima iliuzwa kwa nchi zinazoendelea kwa takriban dola 2.40 za Marekani, mara nyingi zaidi ya bei ya SP. Bila Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria, ulioanza kazi 2002, ALu ingebaki kwenye karatasi. Utegemezi huo haujaisha, na ni udhaifu wa kudumu wa sera ambayo vinginevyo ni imara.

Kutoka bohari hadi dirisha la dawa

SP ilikuwa dozi moja. ALu ni dozi sita kwa siku tatu. Mtoto wa kilo 12 hupewa kidonge kimoja hapo hapo zahanati, cha pili baada ya saa nane, kisha kimoja asubuhi na kimoja jioni kwa siku mbili zinazofuata. Dawa humezwa pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta ili ifyonzwe vizuri. Kwa mtoto mchanga ziwa la mama linatosha. Bila maelezo ya kutosha, mtoto akichangamka siku ya pili, vidonge vilivyobaki huweza kuishia kabatini kusubiri homa ijayo. Maelezo ya dakika mbili kwenye dirisha la dawa ni sehemu ya tiba sawa na kidonge chenyewe.

Kabla ya hapo dawa lazima iwepo. Usambazaji wa dawa za umma ni jukumu la Bohari ya Dawa (MSD), iliyoanzishwa kwa sheria ya 1993. ALu hukaa takriban miaka miwili tu kabla ya muda wake kwisha, hivyo kuagiza nyingi kupita kiasi ni hasara, na kuagiza chache ni hatari. Mwaka 2009 ulianza mradi wa majaribio katika wilaya za Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini, vituo 129 kwa jumla. Kila wiki mhudumu alitumiwa ujumbe wa simu, naye akajibu kwa kutaja akiba iliyobaki. Ofisi ya wilaya iliweza kuona kituo kipi kimeishiwa na kipi kina ziada. Wiki ya kwanza, asilimia 78 ya vituo vilikosa angalau aina moja ya dawa ya malaria iliyofuatiliwa. Wiki ya 21, ni asilimia 26. Mara nyingi dawa ilikuwepo wilayani muda wote, ila taarifa ndiyo iliyokosekana.

Wagonjwa wengi huanzia dukani. Tangu 2003, kuanzia Mkoa wa Ruvuma, maduka ya dawa baridi yalianza kubadilishwa kuwa Maduka ya Dawa Muhimu (DLDM), ambayo wauzaji wake hupewa mafunzo na kibali cha kuuza baadhi ya dawa zinazohitaji cheti. Hatua hiyo ilikubali hali halisi: duka lililo karibu na nyumba ni sehemu ya mfumo wa afya, na ni afadhali liwe sehemu iliyo bora.

Kupima kabla ya kutibu

Kwa miaka mingi kila homa ilitibiwa kama malaria. Utafiti uliochapishwa 2004 uliwafuatilia wagonjwa 4,474 waliolazwa kwa malaria kali katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Waliokutwa na vimelea kwenye damu walikuwa asilimia 46 tu. Miongoni mwa wasio na vimelea, asilimia 12 walifariki, ikilinganishwa na asilimia 7 ya waliokuwa navyo. Wengi wa waliofariki waliugua kitu kingine, na jina la malaria lilizuia kitu hicho kutafutwa.

Mwaka 2010 WHO ilishauri kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza, na Tanzania ikasambaza kipimo cha haraka, mRDT, hadi ngazi ya zahanati. Hakihitaji umeme wala hadubini: tone la damu, matone machache ya kimiminika, dakika 15 hadi 20, na mistari miwili ikiwa vimelea vipo. Kina mipaka yake. Kinaweza kuonyesha malaria wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona, na hakisemi lolote kuhusu nimonia au homa ya matumbo. Kipimo kinapokataa malaria, tabibu anahitaji ujuzi na dawa za kutafuta chanzo kingine. Asipokuwa navyo, huandika ALu hata hivyo.

Malaria kali

Mgonjwa mwenye degedege au aliyepoteza fahamu alitibiwa kwa kwinini, iliyotolewa kwa dripu ya saa kadhaa, mara tatu kwa siku. Jaribio la AQUAMAT, lililochapishwa 2010, liliilinganisha na sindano ya artesuneti kwa watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, zikiwemo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Waliofariki kwa kwinini walikuwa asilimia 10.9, na kwa artesuneti asilimia 8.5. WHO ilibadilisha mwongozo wake 2011. Artesuneti pia humpunguzia kazi muuguzi aliye peke yake wodini usiku: huchomwa mwanzo, baada ya saa 12 na saa 24, kisha mara moja kwa siku hadi mgonjwa aweze kumeza ALu.

Jaribio la FEAST, lililochapishwa 2011, lilitoa funzo la namna nyingine. Watoto 3,141 wenye homa na dalili za mzunguko hafifu wa damu katika hospitali za Uganda, Kenya na Tanzania ama waliongezewa maji kwa haraka kwenye mishipa, kama ilivyokuwa desturi katika nchi tajiri, ama hawakuongezewa kwa kasi hiyo. Ndani ya saa 48 vifo vilikuwa takriban asilimia 10.5 kwa walioongezewa na asilimia 7.3 kwa wengine. Desturi iliyoaminika kote ilikuwa ikiua, na jambo hilo lilijulikana kwa sababu lilipimwa mahali wagonjwa walipo.

Fedha kufuata mzigo wa ugonjwa

Mradi wa TEHIP, ulioendeshwa na Wizara ya Afya na shirika la Kanada la IDRC katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini kuanzia katikati ya miaka ya 1990, uliuliza kama bajeti ya wilaya inafuata magonjwa yanayoua. Wadadisi walikwenda nyumba kwa nyumba wakiandika vifo na dalili zilizotangulia. Ilibainika kwamba malaria ilichangia karibu asilimia 30 ya miaka ya maisha iliyopotea Morogoro, lakini ilipewa asilimia 5 hivi ya bajeti ya 1996. Timu za afya za wilaya zilipewa takwimu hizo, mafunzo, uhuru wa kupanga, na nyongeza ya chini ya dola moja kwa mkazi kwa mwaka. Katika miaka iliyofuata vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40.

Hali ya sasa

Vimelea vyenye usugu wa sehemu dhidi ya artemisinini, kundi la dawa linalojumuisha artemetha iliyomo kwenye ALu, vimethibitishwa Rwanda, Uganda na mkoani Kagera. Kwa kawaida ALu bado inaponya, kwa kuwa lumefantrini hukamilisha kazi, lakini vimelea vinachelewa kwisha mwilini. Njia zinazojadiliwa ni kutumia dawa mseto zaidi ya moja kwa zamu na kuunganisha dawa tatu. Malawi imeonyesha pia kwamba dawa iliyopumzishwa inaweza kurudi: miaka kumi na zaidi baada ya klorokwini kuachwa, utafiti uliochapishwa 2006 uliikuta ikiponya karibu wagonjwa wote.

Uamuzi ujao utahitaji mambo yaleyale: vituo vya uchunguzi vinavyopima kila baada ya muda, vitabu vya taarifa za vituo vya afya (MTUHA) vilivyojazwa kwa ukweli, akiba ya dawa inayojulikana, na wahudumu waliopewa sababu pamoja na amri. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na kutibu taifa zima kwa dawa iliyokwisha nguvu, na sehemu kubwa zaidi yake inapaswa kutoka kwenye bajeti ya nchi yenyewe, kwa sababu wafadhili hupunguza fedha bila kusubiri usugu upungue.