Alipoishia Mwalimu

Katika misiba yetu kuna neno tunalolisema upesi: kazi ya Mungu haina makosa. Tunalisema kwa nia njema, tukitaka kumfariji mfiwa. Lakini kifo cha ghafla kinapomchukua mtu aliyekuwa bado kazini, neno hilo huweza kumwelemea badala ya kumwinua. Hebu tumkumbuke mwalimu mmoja wa fizikia, na mjane wake.

Pierre Curie alizaliwa Paris, Ufaransa, mwaka 1859. Mwaka 1880 yeye na kaka yake Jacques waligundua kwamba fuwele fulani zikibanwa hutoa umeme. Kuanzia 1882 alifanya kazi katika shule ya fizikia na kemia ya jiji hilo, na kwa miaka mingi aliishi kwa mshahara mdogo. Mwaka 1895 alimwoa Marie Skłodowska kutoka Poland. Wakifanya kazi pamoja, mwaka 1898 walitangaza kugundua poloniamu na radiamu. Mwaka 1903 walipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Henri Becquerel. Njia yao ya kupata radiamu ingeweza kuwatajirisha, lakini waliitoa bure kwa wote.

Alhamisi tarehe 19 Aprili 1906, siku nne baada ya Pasaka, Pierre alikuwa akivuka barabara mjini Paris mvua ikinyesha. Alianguka mbele ya gari zito lililokokotwa na farasi, na gurudumu likamponda kichwa. Alikuwa na miaka 46. Aliacha mabinti wawili, mkubwa wa miaka minane na mdogo wa mwaka mmoja.

Pierre hakuwa mtu wa ibada, wala hatupaswi kumfanya mshirika wetu baada ya kufa. Kusema kweli juu ya marehemu ni sehemu ya kumheshimu. Hata hivyo msiba wake unatuuliza swali lilelile linaloulizwa majumbani mwetu: kwa nini yeye, na kwa nini sasa?

Katika Luka 13, Yesu anazungumzia watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Hakubali kwamba walikuwa wakosaji kuliko wenzao, wala hatoi maelezo ya kwa nini mnara uliwaangukia wao. Anawageukia walio hai na kuwaambia watubu. Basi nasi tusijifanye kujua zaidi ya Bwana wetu tunapoketi na mfiwa.

Marie alilia. Aliandika daftari la maombolezo, akizungumza na mumewe kana kwamba anamsikia. Walipotaka kumpa pensheni, alikataa. Chuo kikuu cha Sorbonne kikamkabidhi kazi ya Pierre, akawa mwanamke wa kwanza kufundisha hapo. Tarehe 5 Novemba 1906 ukumbi ulijaa, na wengi walitazamia hotuba ya kumsifu marehemu. Yeye alianza somo palepale mumewe alipoishia.

Washarika wenzetu, sisi tunajua kuzika. Tunachanga, tunapika, tunakesha, tunasoma wasifu wa marehemu. Lakini mwalimu wa sayansi akifa ghafla katikati ya muhula, huacha madaftari yasiyosahihishwa na watoto wanaosubiri mtihani. Fundi huacha kijana aliyejifunza nusu ya kazi. Matanga yakiisha, ni nani anayekwenda kuwatazama hao?

Imani yetu katika ufufuo hutuambia kwamba kifo hakina neno la mwisho. Tukiamini hivyo, tusikiache kifo kiwe na neno la mwisho hata darasani. Mfiwa akiuliza kwa nini, tukae naye tulie pamoja naye. Siku zikipita, tumuulize kwa upole marehemu alikuwa ameishia wapi, na ni nani kati yetu anayeweza kuendelea kuanzia hapo.